Tupeane uzoefu: kufunga giaboksi ya oto iliyotumika kwenye van ya zamani

Wakuu habari zenu. Leo tuongelee giaboksi za oto (zinazobadilisha gia zenyewe) za mtumba. Van ya siku nyingi, gia imeanza kuteleza, boksi jipya halipatikani, unachukua used unafunga. Likizingua wengi wanamlaumu aliyewauzia, mimi naona mengi yalikuja mazima yakafia kwenye kufungwa.

Nianze na langu. Kabla halijapanda juu tulifungua sampo (bakuli la oili chini ya boksi), mle chini kuna sumaku, ukikuta imeshika unga laini wa kijivu hiyo ni kawaida ya gia kusagika kidogo kidogo, ukikuta vipande vya chuma au magamba meusi ya krachi (sahani za msuguano za ndani ya boksi) rudisha ulikotoa. Halafu nusa oili, iliyoungua haijifichi. Langu lilikuwa safi, tukabadilisha chujio, gasketi ya sampo na sili zote mbili (raba za kuzuia oili isivuje), ya konveta mbele (ile duara inayopeleka nguvu ya injini kwenye boksi kwa oili) na ya propela nyuma, maana boksi likiwa chini ni kazi ya muda mfupi ila likishapanda likavuja unashusha kila kitu upya. Leteni na zenu.

*

Mkuu umesahau konveta, na hapo ndipo pampu nyingi zinapokufa. Konveta haitupiwi tu ndani ukasema imeingia, unaisukuma huku unaizungusha, inashuka kwa hatua, unasikia inakaa, unazungusha tena inashuka tena, mpaka shingo yake ishike pampu. Fundi wangu alilaza rula iliyonyooka kwenye mdomo wa boksi akapima kina mpaka kwenye masikio ya konveta, ndo akaruhusu jeki ipande. Boksi likakaa kwenye pini za injini bila kulazimishwa na konveta bado inazunguka kwa mkono, ina kaupenyo kadogo kabla ya kugusa flaiwili (sahani inayozunguka nyuma ya injini). Ukiona boksi haligusani na injini mpaka ulivute kwa bolti, acha hapo hapo, shusha. Ukikaza unavunja pampu na utajua ukishawasha.

*

Mimi langu ni kebo. Hizi oto za zamani zisizo na kompyuta zina kebo inatoka kwenye throto (mlango wa hewa ya injini unaofunguka ukikanyaga mafuta) inaingia kwenye boksi, wengi wanaiita kebo ya kikdauni wanadhani kazi yake ni kushusha gia tu ukikanyaga. Kumbe ndiyo inayoiambia boksi injini inavuta kiasi gani, na presha ya oili ndani inapanda kufuatana nayo. Ikilegea gari inakuwa tamu kweli, gia zinapanda mapema laini kabisa, dereva anafurahi, huku krachi zinateleza na kuungua taratibu kwa sababu presha haitoshi. Ikikazwa kupita kiasi gia zinachelewa halafu zinapiga mshtuko.

Jirani yangu alifunga boksi zima kabisa, kebo ikawekwa kwa kukadiria, likaanza kupepesuka kati ya gia ya 2 na ya 3 akiwa na mzigo, wakataka kulishusha. Tukamwambia subiri. Mmoja akakanyaga mafuta mpaka chini, mwingine akaangalia kule kwenye throto: kwenye Toyota nyingi za aina hii kebo ina kishikizo kidogo cha chuma, throto ikiwa wazi kabisa nafasi kati ya kishikizo na mwisho wa raba ya ala (ganda la nje la kebo) inatakiwa iwe 0 mpaka 1 mm. Yake ilikuwa imelegea kabisa! Tukalegeza nati mbili, tukavuta ala, tukakaza, van ikabadilika siku hiyo hiyo. Na hakikisheni kwanza throto yenyewe inafunguka yote, kapeti la miguuni likizuia pedali vipimo vyote ni uongo.

*

Rejeta jamani. Oili ya gia inapozwa mle ndani, kwa hiyo uchafu wa boksi lililokufa umebaki kwenye zile paipu, ukifunga jingine bila kusafisha unalilisha makapi ya marehemu. Sisi tuliflashi mpaka ikatoka safi ndo tukaunga. Na kama oili ya boksi la zamani ilikuwa ya pinki yenye maziwa, maji yameingia kupitia kipoza, badilisha rejeta kwanza.

*

Swali wadau, boksi nililopata linafanana kila kitu ila limetoka kwenye gari yenye difu (gia za ekseli) tofauti, kuna shida?

*

Kama bolti na urefu vinaingiana litafanya kazi, ila hamisha kigia cha plastiki cha spidomita kutoka boksi lako la zamani, bila hivyo mshale utakudanganya. Swichi ya gia nayo uisete, gari iwake kwenye P (kuegesha) na N (huru) tu, ikiwaka kwenye D (kwenda mbele) ni hatari.

*

Na kujaza oili? Mimi nilipima asubuhi injini imezimwa ikasoma imezidi.

*

Hapo lazima isome hivyo, oili ya konveta inashuka. Jaza kiasi, washa, ongeza huku injini inaunguruma kwa sababu konveta inanyonya nyingi. Tembea mpaka ipate moto vizuri, simama sehemu tambarare, kanyaga breki, pitisha lever P mpaka L (gia ya chini) taratibu urudi P, ndo uvute dipstiki injini ikiwa inaendelea, usome kwenye alama ya HOT. Ikizidi punguza, ikijaa sana inatoa povu na gia zinateleza vile vile kama imepungua.