Fundi kahamisha soketi ya faiba, sasa taa ya LOS nyekundu

mama_kigamboni: Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Juzi fundi kaja kunihamishia soketi ya faiba toka sebuleni kwenda chumbani, waya kaikunja kwenye kona ya mlango kaigonga misumari akaondoka zake, usiku taa ya LOS kwenye kiboksi cha intaneti inawaka nyekundu na intaneti hamna. Nimezima na kuwasha mpaka nimechoka, watoto wana mitihani jamani

waya_safi: Pole dada. LOS nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kiboksi, kuzima na kuwasha hakusaidii. Ndani mle kuna uzi wa kioo mwembamba kama unywele, sio shaba kama simu zile za zamani, ukiukunja kona kali mwanga unavuja au unakatika kabisa. Ng'oa misumari taratibu waya ilegee

mzee_wa_ngazi: Na usichungulie ncha ya waya, ule mwanga huuoni ila unaweza kuumiza macho. Fundi akirudi apime na pawamita, kile kifaa cha kupima nguvu ya mwanga, mbele yako, ikisoma -20 dBm hivi uko vizuri, -28 hapo mwanga ni hafifu, aunge upya. Hii ndo kazi yangu, inaniuma sana mtu kuondoka bila kupima

mama_kigamboni: Nimelegeza, nyekundu imezimika!! Asanteni sana, kesho namwita aipitishe upya