Spika kando ya msikiti: je, huo ni uinjilisti au uchokozi?

Mwinjilisti Kijana, Pangani, ameuliza:

Bwana asifiwe, wapendwa. Mimi ni mshiriki wa kikundi cha uinjilisti cha kanisa moja hapa Nairobi, na naomba ushauri juu ya jambo lililoninyima amani kwa wiki tatu sasa. Ijumaa moja tulifunga spika zetu hatua chache kutoka msikitini, mtaani Eastleigh, watu wakiwa wanatoka swala, na mhubiri wetu akaanza kunukuu aya za Kurani ili aonyeshe kwamba zinapingana, kisha akasema juu ya Mtume wao maneno ambayo sitayarudia hapa. Mimi nilikuwa nikigawa trakti. Mzee mmoja muuza vitambaa alikataa kuipokea, nami nikaiacha juu ya meza yake hivyo hivyo, upepo ukaiangusha. Aliinama, akaiokota, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akaikunja na kuiweka kwenye rafu ya juu kabisa. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, "Kijana, humu mna jina la Mungu na jina la Nabii Isa. Haifai kukanyagwa." Ukurasa wa pili wa trakti hiyo uliidhihaki dini yake.

Viongozi wangu wanasema anayesitasita katika kazi hii anamwonea Kristo haya. Je, kuna namna ya kumshuhudia Mwislamu, au jirani Mhindu kule Parklands, bila kuficha imani yetu na bila kumdhalilisha?

Katekista Mstaafu:

Ndugu yangu kijana, hiyo amani uliyonyimwa usiitafutie dawa ya haraka. Mtume Petro anatuagiza tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15), na tazama kwamba jibu hilo anapewa mtu aliyeuliza. Mzee wa vitambaa hakuwa ameuliza lolote. Alikuwa ametoka kuswali na kurudi kwenye biashara yake. Soma pia Matendo 17: Paulo alichukizwa sana rohoni alipoona Athene imejaa sanamu, lakini alipofungua kinywa alianza na madhabahu yao wenyewe, ile ya Mungu asiyejulikana, akanukuu hata washairi wao, kisha akawatangazia ufufuo bila kupunguza neno.

Wala haya si mawazo ya watu waliopoa. Mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Baraza la Kipapa la mazungumzano ya kidini na muungano wa makanisa ya kiinjili duniani walitoa hati moja ya pamoja kuhusu ushuhuda wa Kikristo mahali penye dini nyingi. Makundi hayo matatu hukubaliana kwa nadra, na hapo yalikubaliana kwamba utume ni asili ya Kanisa, na pia kwamba udanganyifu, shinikizo na kuwavuta maskini kwa misaada vinaisaliti Injili.

Mhubiri wa Mchana, Jeevanjee:

Nawaheshimu nyote, lakini siwezi kunyamaza. Nimehubiri bustanini Jeevanjee wakati wa chakula cha mchana kwa miaka mingi, na nimeona wanaume wazima wakilia na kutubu. Neno "heshima" limekuwa kichaka cha Wakristo wengi waliofanya kazi na Waislamu miaka kumi bila kulitaja jina la Yesu hata mara moja. Paulo alihojiana na watu katika sinagogi la Efeso miezi mitatu, kisha kila siku kwa miaka miwili katika darasa la Tirano. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 32, inanipa haki ya kuitangaza imani yangu hadharani. Tukisubiri kuulizwa, ni wangapi watakufa kabla ya kuuliza?

Mwislamu wa Majengo:

Amani iwe kwenu. Nimesoma kimya kimya, lakini kwa kuwa tunaozungumziwa ni sisi, naomba nafasi. Kwanza nikiri kwamba kosa hili halina dini. Nasi tuna mihadhara ambamo mhubiri wetu hushika Biblia mkononi na kumwaibisha Mkristo mbele ya umati, watu wakaondoka wakishangilia kama wanaotoka uwanja wa mpira, ilhali Kurani inatuamuru tuite kwa hekima na mawaidha mema, na tujadiliane kwa njia iliyo bora (Sura An-Nahl, aya ya 125).

Lakini spika huzimwa, mtu akapita zake. Kilichotuumiza nyumbani kwetu ni rafiki Mkristo aliyekula nasi futari Ramadhani mbili, akawazoea watoto hadi wakamwita mjomba, na alipoona hakuna atakayebatizwa akakoma kuja. Mama yangu aliendelea kumwekea sahani kwa siku kadhaa. Kama mnataka kutuhubiria, tuambieni hivyo mlangoni, nasi tutasikiliza au tutakataa. Na tukikataa, endeleeni kuja.

Katekista Mstaafu:

Ndugu wa Majengo, nimelisoma neno lako mara mbili, na linanihusu kuliko ninavyopenda. Nimewahi kuwatembelea watu nikiwa na hesabu moyoni.

Mhubiri wa Jeevanjee, kuhusu Efeso endelea hadi Matendo 19:37. Baada ya miaka hiyo yote ya kuhojiana, ghasia zilipozuka kwa ajili ya Artemi, karani wa mji, ambaye hakuwa Mkristo, alisimama mbele ya umati na kushuhudia kwamba watu hawa hawakumtukana mungu wao wa kike. Paulo alikuwa amewaambia wazi kwamba miungu iliyofanywa kwa mikono si miungu, na bado karani aliweza kusema hivyo. Je, siku tukishtakiwa, imamu wa msikiti ule atapata la kututetea?

Mwinjilisti Kijana, Pangani:

Nawashukuru, wazee wangu. Nimemwambia kiongozi wetu kwamba sitagawa tena trakti ile; hakufurahi, lakini amekubali tuisome pamoja ukurasa kwa ukurasa. Jumatano nitakwenda kwa yule mzee kumwomba radhi na kumwomba anirudishie karatasi yangu, maana sipendi ikae rafuni kwake. Nitamwambia pia, kabla sijaketi, kwamba mimi ni mhubiri na kwamba ningependa siku moja kumweleza Yesu ni nani kwangu. Ndugu wa Majengo, je, niende kabla ya alasiri au baada yake, nisije nikamkatizia swala?

Mwislamu wa Majengo:

Nenda baada ya alasiri. Na akikukaribisha chai, usikatae.