Naombeni ushauri: Edmonia Lewis nimweke sura ipi?

Wakuu, habari za jioni. Nasoma historia ya sanaa huku Marekani, niko kwenye tasnifu ya uzamili. Mimi na msimamizi wangu tumekwama kwa mtu mmoja: Edmonia Lewis, mchonga sanamu wa karne ya 19. Baba mweusi, mama mwenye asili ya Waojibwe (wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini), na kazi zake nyingi kazifanyia Roma. Msimamizi anataka akae sura ya "wasanii weusi". Mimi naona akae na wachongaji wenzake wa Roma, maana marumaru ni ileile na patasi ni ileile.

Kinachonisumbua ni sanamu yake "Kifo cha Kleopatra", yule malkia wa Misri ya kale. Ilionyeshwa Philadelphia mwaka 1876: malkia kaegemea kiti cha enzi, kichwa kimelegea, mkono unaning'inia, ameshakata roho. Baadaye ikageuzwa alama ya kaburi la farasi wa mashindano karibu na Chicago (farasi mwenyewe eti aliitwa Cleopatra!). Leo iko makumbusho ya Smithsonian, Washington. Nikiiweka rangi pembeni, mkasa huo nauelezaje? Nikimfungia kwenye rangi, upande wa mamake unabaki wapi?

Mliopita njia hii, mlifanyaje? Na mzee wa watu nampingaje bila kumvunjia heshima?