MREJESHO: Rupia za fedha nilizouziwa Tabora

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliwaomba mnieleze namna ya kujua bei ya haki ya rupia saba za fedha za enzi ya Mjerumani, ambazo mfanyabiashara mmoja hapa Tabora alitaka kuniuzia. Narudi kama nilivyoahidi.

Nilianza na mizani, kama mlivyonishauri. Rupia halisi ina uzito wa gramu 11.66, na asilimia 91.7 yake ni fedha tupu, yaani gramu 10.7 hivi, kwa hiyo rupia tatu huzidi kidogo aunsi moja ya madini (kipimo ambacho bei ya fedha na dhahabu hutajwa kwacho), ambayo ni gramu 31.1 wala si 28.35 za aunsi ya kawaida. Muuzaji alikuwa amepiga hesabu kwa aunsi hiyo ndogo, na kosa hilo peke yake lingenigharimu karibu asilimia 10 zaidi.

Kwa sonara, rupia sita zilipungua kidogo tu kwa kuchakaa, lakini ya saba ilikuwa na gramu 9, nikaikataa. Muuzaji alitaka pia kunijumlishia, kwa bei ya fedha, sarafu moja ya heleri 20 (heleri 100 zilikuwa rupia moja) ya mwaka 1916 yenye herufi T, iliyofuliwa papa hapa Tabora wakati wa vita. Naipenda mno, kwani ni historia ya mji wetu, ila ni ya shaba ya manjano, nikailipia kando.

Zile sita nilizilipia thamani ya fedha iliyomo kwa bei ya siku hiyo, pamoja na nyongeza ya asilimia 15, ambayo naiona halali kwa sarafu za umri huo.