Ukikaribia kilele halafu ukarudi, unaweka tiki ama unaacha?

Daftari_la_Kibuye (Kisumu)

Wadau hamjambo. Naomba mnisaidie na jambo limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa. Mimi nauza viatu vya mtumba hapa Kibuye, na nyuma ya daftari langu la madeni nina orodha ya vitu kumi na mbili nataka kufanya kabla nifike miaka 45, vyote ni vya kupanda, kuvuka na kulala nje, na karibu vyote ni vya huku kwetu maana nimeona watu wanatoka Ulaya kuja kuangalia mahali mimi napitaga tu nikienda matanga. Saba nimemaliza. Mwamba wa Kit Mikayi nimepanda, treni ya usiku kutoka Nairobi mpaka Kisumu nimelala ndani, msitu wa Kakamega nimetembea usiku na tochi nikisikia vitu vinaruka juu ya miti na sijui ni nini.

Ya nane ilikuwa Koitobos, Mlima Elgon upande wa Kenya, mita 4,222. Tulitoka Kisumu saa nane usiku watu tisa, asubuhi tuko geti ya Chorlim, tukapandishwa na gari lenye nguvu mpaka barabara inapoishia, kutoka hapo ni mguu. Mwanzo ilikuwa raha tupu, kuna ile mimea mikubwa kama kabichi imewekwa juu ya gogo, nilikuwa nasimama kila saa kuigusa. Halafu kichwa kikaanza kuuma nyuma ya macho. Nikadhani ni njaa, nikala chapati. Baada ya nusu saa nikazitapika zote, vidole vikavimba mpaka pete ikakataa kuzunguka, na mvua ya mawe nayo ikaanguka, punje zinaruka kwa jaketi kama mahindi kwa sufuria. Askari wa KWS, wale wa wanyamapori, tuliyekuwa naye aliniangalia mara moja tu akasema, mama, wewe unashuka saa hii.

Sasa kinachoniuma ni kwamba kilele nilikuwa nakiona. Koitobos juu ni tambarare kama meza, na wenzetu wanne walikuwa wameshafika, nilikuwa naona jaketi nyekundu ya mmoja wao. Shemeji yangu alikuwa kati ya hao. Tukirudi kwa gari akaniambia tiki ni ya kilele, bila kilele hiyo nafasi inakaa tupu. Hakusema kwa ubaya, ni mtu mzuri, lakini tangu hiyo siku nikifungua daftari kuandika deni la mtu naona hiyo laini nafunga haraka.

Nyinyi mnafanyaje? Naweka tiki ama naacha?

Jirani_wa_Endebess

Dada, kwanza pole, na huyo askari ukimwona tena umsalimie sana. Mimi nimekulia chini ya huo mlima na nitakwambia ukweli, usiweke tiki, lakini sababu si ile ya shemeji.

Angalia vile mlisafiri. Kisumu iko kama mita 1,130. Saa nane usiku mko ziwani, mchana mko zaidi ya mita 3,500 na bado mnapanda. Hewa ya huko juu ni nyepesi na mwili unataka siku kadhaa kuizoea, hukuupa hata usiku mmoja. Hiyo haina uhusiano na nguvu wala umri, nimeona vijana wa mpira wakilala chini na mzee wa miaka sitini anapita akipiga mluzi. Wenzako wanne walibahatika tu, siku nyingine ingekuwa wao. Na ukishaumwa kichwa halafu ukatapika, dawa ni kushuka, ukilazimisha maji yanaweza kuingia kwa mapafu ama ubongo uvimbe, na hapo hakuna ambulensi ya kukufikia haraka.

Kwa hivyo rudi, lakini rudi polepole. Lala Kitale siku ya kwanza, ya pili ulale kwa hema ndani ya mbuga, ya tatu ndiyo uamkie mlima mapema kabla mawingu yajifunge, maana mvua yetu inapenda mchana. Kunywa maji mengi, na kama una presha ongea na daktari kwanza. Enda Januari ama Februari wakati kumekauka.

Na kama pango la Kitum liko kwa hiyo orodha yako, nisikie vizuri. Ni pahali pa ajabu, ndovu wanaingia gizani kabisa wakichimba chumvi kwa pembe na alama zao ziko ukutani unaziona. Lakini kuna popo wengi, na mwaka wa 1980 na tena 1987 watu wawili waliougua Marburg, ile homa ya kutoka damu, wakafa walikuwa wameingia hilo pango muda mfupi kabla. Mimi wageni wangu nawaonyesha kutoka mdomoni, hatuingii ndani kwa popo, na hakuna kushika kinyesi chao. Uone hivyo na utosheke.

Vumbi_la_Longonot (Nakuru)

Mimi niko upande mwingine kidogo, na niko na ushahidi wa kujishtaki. Niliweka tiki ya mlima Longonot nikiwa nimefika ukingoni mwa shimo lake tu. Kutoka geti mpaka ukingo ni kilomita 3.1, nikaangalia ule msitu ulio ndani ya shimo, nikapiga picha, nikashuka, nikaambia kila mtu nimemaliza Longonot. Ile njia ya kuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2 zingine na sikuigusa. Hakuna mtu aliniuliza. Lakini kila mara nikitoka Nakuru kwenda Nairobi mlima unatokea pale baada ya Naivasha na mimi najua kabisa.

Nilikaa hivyo miaka sita. Mwaka jana nikarudi na kijana wangu wa darasa la nane tukazunguka wote. Kile kilele cha mita 2,776 kiko upande wa pili na kukipanda ni vumbi la majivu, unaweka mguu unarudi nusu, vumbi linaingia mpaka kwa soksi za ndani, kijana alikuwa anashika mizizi kwa mikono. Tukakaa juu tukala ndizi hatuongei. Nikirudi nyumbani nikafuta ile tiki ya zamani na raba nikaweka nyingine. Kwa hivyo dada, usiweke. Siyo ati shemeji ameshinda, ni kwa sababu wewe mwenyewe ungeweza ungekuwa umeshaiweka siku ile ile na hungekuja kutuuliza.

Upepo_wa_Mbita

Nawasoma nyote na nawaheshimu lakini hii tiki inawatesa bure. Mimi niliacha tiki kabisa. Naandika tarehe na kitu kimoja nilichoona, basi.

Nilienda kisiwa cha Mfangano nikitaka kuona ile michoro ya kale ya mwambani pale Mawanga, ilikuwa kwa orodha yangu miaka mingi. Nikapata kumenyesha, njia imeteleza, tukachelewa, nikakaa pale kwa mwamba labda dakika kumi tu kabla ya kukimbilia boti. Nilichoandika ni duara jekundu, lina miale kama jua, rangi bado iko. Inasemekana walioichora ni Watwa, hata kabla mababu wa Wasuba wafike kisiwani. Nilishusha pumzi mbele ya hilo duara. Sasa hiyo utaiwekea tiki nzima ama nusu?

Wewe umeshika ile mimea ya kabichi kwa mkono. Umeona meza ya Koitobos kwa macho yako. Andika hayo.

Na mtu yeyote anayekuja huku visiwani, vaeni jaketi la kuokoa maisha kabla boti itoke, si ziwa likichafuka, na safiri asubuhi maana jioni upepo unabadilika. Nimezika watu.

Mama_wa_Maseno

Shemeji amefika juu, sawa, hongera zake. Lakini mtu wa familia anatapika kwa mvua ya mawe na wewe unaendelea kupanda? Mimi hiyo ndiyo ningeuliza kwa gari.

Daftari_la_Kibuye (Kisumu)

Ero kamano nyote, nimesoma mara mbili. Mama wa Maseno, shemeji alitaka kurudi na mimi, ni mimi nilimwambia aende, kwa hivyo tusimlaumu.

Vumbi umenishika pabaya. Ni kweli ningeweka siku ile ile.

Nimefanya hivi. Kwa ile laini ya Koitobos nimeandika tarehe, halafu pembeni, "kabichi juu ya gogo, mvua ya mawe, jaketi nyekundu kule juu". Nafasi ya tiki nimeiacha. Na jana jioni nimemwambia shemeji tunarudi Januari, siku tatu, tunalala Kitale kwanza, akasema yeye atabeba maji. Jirani, hema la watu watatu linapatikana Kitale la kukodi ama nibebe kutoka huku?

Jirani_wa_Endebess

Linapatikana, niandikie kando nikuelekeze. Hema usijali. Blanketi ndiyo ubebe, mbili za mtu mmoja, na soksi za sufu za kulalia, si zile za kutembea nazo.