Mjadala: Je, China ipige marufuku sadaka za karatasi wanazochomewa marehemu?

MLETA MADA
Wadau, Machi 2024, watu wakijiandaa kwa Qingming, siku ya kuzuru na kusafisha makaburi inayoangukia mwanzoni mwa Aprili, mji wa Nantong katika jimbo la Jiangsu ulitangaza kwamba ni marufuku kutengeneza na kuuza pesa za karatasi za kuchomea wafu, ambazo huaminika kuwafikia huko waliko zikichomwa, pamoja na vifaa vingine vya mazishi vya "ushirikina wa kikabaila". Watu walikuja juu. Maneno hayo yaliingizwa katika kanuni za mazishi za nchi nzima mwaka 1997, bila kutaja kifaa kimoja kimoja, na sehemu nyingi maduka yaliendelea kuuza kama kawaida.

Mimi nasema marufuku hii imempiga asiyehusika. Kama tatizo ni moshi, shughulikieni moto. Fundi anayetengeneza sadaka hizo muacheni.

Kazi yenyewe mnaijua? Hong Kong, mtaa wa Sham Shui Po, bado wapo mafundi wanaopasua mianzi kuwa fito nyembamba, wanazikunja na kuzifunga kwenye maungio kwa vipande vya karatasi vilivyopakwa gundi, kisha wanavika karatasi za rangi. Inatoka nyumba ya ghorofa yenye roshani, watumishi mlangoni, farasi, siku hizi hata gari na simu. Ni kazi ya siku nyingi, na moto unaimaliza kwa dakika chache. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la quai Branly, Paris, liliandaa maonyesho ya kazi za namna hii kutoka Taiwan. China yenyewe iliuingiza ufundi wa karatasi wa Fenghuang, Hunan, katika orodha ya urithi wa taifa mwaka 2008. Sasa urithi gani huo ambao mji mwingine unauita ushirikina na kufungia maduka?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, umeongea kama mtu asiyevuta huo moshi. Kila Qingming milima ya kusini inawaka kwa sababu ya watu wanaochoma karatasi makaburini kwenye nyasi kavu. Na kuna hili la kushindana: jirani kamchomea mzazi wake nyumba na gari, wewe ukipeleka maua tu unaonekana huna shukrani. Kama mzee alipokuwa hai hukumnunulia hata dawa, jumba la karatasi ni la nani? La majirani.

MCHANGIAJI WA PILI
Mimi hufuata mzigo Guangzhou, nimeyaona haya. Mwezi wa saba wa kalenda yao, jioni, bibi anatoa debe la bati nje ya mlango, anatia karatasi mojamoja huku akiwataja marehemu wake. Lakini jamani, kinachochomwa kwa wingi ni zile noti za kuchapwa kiwandani, mabunda kwa mabunda, nyingine zimebandikwa utando wa bati. Nyumba ya mianzi huagizwa kwa mazishi, si kila siku. Mkiviweka kapu moja mnamwonea fundi.

MCHANGIAJI WA TATU
Vyote ni ushirikina tu. Maiti hali, havai, hapandi gari.

MLETA MADA
Ndugu, hata wao walilijadili hili zamani sana. Maandiko yao ya kale yanamtaja Confucius, mwanafalsafa wao wa kale, akisema kwamba kumtendea aliyekufa kama mfu kabisa ni kukosa upendo, na kumtendea kama yu hai ni kukosa akili. Ndiyo maana vyombo vya kumzika navyo vilitengenezwa visitumike: vya mianzi visivyofaa kazi, vinanda vyenye nyuzi zisizolinganishwa sauti. Mtu anaweza kuikataa imani hiyo, ni haki yake. Kuiita ujinga bila kuisikiliza, hapana.

Dada wa Guangzhou amenisaidia. Singapore wameweka mapipa ya chuma kwenye mitaa ya maghorofa. Taiwan, miji mingi inakusanya karatasi za mahekalu na kuzichoma kwenye matanuru makubwa ya taka. Hong Kong wana tanuru zenye vichujio vya moshi kwenye majengo ya kuhifadhia majivu ya wafu. Hakuna aliyelazimika kumnyang'anya fundi kisu chake. Ufundi huu unarithishwa dukani, mwanafunzi pembeni ya mwalimu. Duka likifungwa miaka kumi, hakuna wa kulifungua tena.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Tanuru nakubali, mjini. Makaburi ya mlimani huko kijijini, tanuru atapeleka nani?

MLETA MADA
Huko, nyasi zikiwa kavu, moto usiwashwe kabisa, na hapo niko upande wako. Sehemu nyingi za kusini na Taiwan wana desturi ya kuweka karatasi juu ya kaburi na kuzikandamiza kwa mawe, bila kiberiti. Hilo ndilo Nantong walitakiwa kulitangaza.