Mrejesho: Chaya imeshika, na sasa tunaila

Wadau, salaam. Niliwauliza kama chaya, ule mti mdogo ambao majani yake ni mboga, itastahimili kiangazi hapa Muheza bila kumwagiliwa kila siku, na kama majani yake ni salama kwa watoto. Asanteni sana kwa majibu.

Pingili nilizikata kwenye tawi lililokomaa, sentimita 30 hivi, nikaziacha kivulini siku kadhaa mpaka utomvu ukakauka, kama mlivyonielekeza. Karibu zote zimeshika. Iliyokuwa jirani na karo, maji yanapotuama, ilioza chini ikawa nyeusi. Jua lilipokolea mchicha wote ulikauka, chaya ikaendelea kuchipua. Nikichuma naacha nusu ya majani mtini, tena navaa glavu maana vile vinyweleo vinawasha.

Kuhusu usalama naomba tusikilizane. Chaya ni ya ukoo mmoja na mhogo, na majani mabichi yana sumu ya sayanidi. Hailiwi mbichi wala haisagwi juisi, hata kama mtaani wanasema inaongeza damu. Mimi naichemsha dakika 20, sufuria wazi mvuke utoke, ndipo naiunga kwa tui la nazi na karanga. Haihitaji kutwangwa kama kisamvu, na jani linabaki nene, la kijani kilichokolea. Wanangu wanaipenda kwa ugali.

Nitapogoa kabla ya vuli. Aliye karibu na anayehitaji pingili aniambie mapema, nimwekee.